Msimu wa Kaskazi: Kisiwa cha Unguja na Watu wa Ulemo

Januari ya Ulemo ni mwezi wa jembe. Mvua ya mkoa wa Singida huja msimu mmoja tu kwa mwaka, kuanzia Novemba hadi Aprili, na aliyechelewa kupanda au kupalilia hana vuli ya kumfidia kama mkulima wa pwani. Mtama, uwele, mahindi na alizeti vyote hudai mikono ya watu katika majuma yaleyale. Ndiyo maana katika kata hii ya wilaya ya Iramba, kando ya barabara kuu ya Singida kwenda Nzega, penye njia panda ya Misigiri ya kukatia Kiomboi, ni vigumu kumkuta mtu mzima akipanga safari ya kutembea tu mwezi Januari. Ghala la mwaka jana limepungua, la mwaka huu bado liko shambani likiwa kijani.

Majuma hayohayo ndege zinashuka Unguja moja baada ya nyingine, zikitoka nchi zenye theluji. Abiria wanateremka wamevua makoti, wanapanda magari ya hoteli kuelekea Nungwi, Kiwengwa na Paje. Kwao Januari ni mwezi wa kuukimbia mwaka. Historia ya kisiwa hiki imesimuliwa sana kwa majina ya masultani na kwa bei ya karafuu, na ni haki, lakini naamini kalenda nayo ina mengi ya kutueleza: nani alifika Unguja mwezi gani, na kwa nini aliweza kufika mwezi huo. Tukiifuata kalenda hiyo tutaona kwamba watalii wa leo hawakuanzisha kitu. Waliingia katika msimu uliokuwapo karne nyingi kabla yao, na mtu wa bara la kati aliachwa nje ya msimu huo tangu mwanzo.

Mwenye msimu alikuwa upepo. Kuanzia Desemba hadi Machi kaskazi huvuma kutoka Arabuni na Bara Hindi kushuka pwani yetu, na majahazi ya Oman, Hadhramauti, Ghuba na Kachi yalikuja nayo yakiwa yamebeba tende, samaki wakavu, chumvi, mazulia na masanduku. Mji ulijaa mabaharia, wakisubiri kukusanya shehena za kurudi nazo: pembe za ndovu, karafuu, boriti za mikoko na, kwa miaka mingi ya aibu, watu. Upepo ulipogeuka kuwa kusi, kuanzia Aprili, waliondoka. Seyyid Said bin Sultan, aliyeuhamishia Unguja utawala wake kutoka Maskati katika miaka ya 1830, alikuwa mtawala wa dola iliyoshikiliwa pamoja na pepo hizo mbili. Mwaka 1856 alifia baharini akirejea Unguja kutoka Oman.

Wapelelezi wa Kizungu walifuata ratiba hiyohiyo bila kuichagua. Richard Burton na John Speke walifika Unguja Desemba 1856 kwa meli kutoka Bombay, wakakuta mji ungali katika maombolezo ya Seyyid Said. Henry Morton Stanley alishuka mara ya kwanza Januari 1871, akimtafuta mmisionari Livingstone. Wote walikuta kisiwa kikiwa katika joto lake kali, katikati ya vuli iliyopita na masika yajayo, bahari imetulia, embe sokoni, bandari imejaa matanga. Picha ya Unguja waliyoipeleka Ulaya ilikuwa picha ya miezi hiyo.

Mtu wa bara naye alikuwa na msimu wake, na ulikuwa kinyume kabisa. Misafara ya Wanyamwezi na majirani zao iliondoka baada ya mavuno, Mei au Juni, njia zikiwa kavu na mito ikiwa inavukika. Vijana walibeba pembe mabegani hadi Bagamoyo na Saadani, wakauza, wakapata nguo, shanga na waya, na wengi walifanya haraka kurudi ili mvua za kwanza ziwakute nyumbani. Wageni walioandika habari za nchi wakati ule walilalamika kwamba wapagazi hawapatikani msimu wa kilimo hata kwa malipo mazuri. Sioni cha kulalamikia. Mwanamume aliyekosa kulima aliirudia familia yenye njaa, na shanga hazipikwi. Kwa hiyo wale waliovuka hadi kisiwani walikiona wakati wa kusi, chenye ubaridi, majahazi ya kaskazini yakiwa yameshaondoka. Sherehe ya kaskazi hawakuiona.

Kuna safari moja iliyovunja utaratibu huo, na ilipita Iramba yenyewe. Stanley alirudi Unguja Septemba 1874 kwa safari yake ya pili, akaajiri watu wa kisiwani, wale waliojiita waungwana, pamoja na Wanyamwezi waliokuwa pwani. Tarehe 17 Novemba 1874 msafara wa watu zaidi ya 350 ukaondoka Bagamoyo, ukibeba vipande vya mashua iliyoitwa Lady Alice, ya kuzungukia Ziwa Nyanza (Viktoria). Angalia tarehe. Novemba ndiyo mwezi ambao mpagazi mwenye shamba lake huwa amekwisha kurudi nyumbani. Msafara huu ulianza kutembea mvua zilipoanza kunyesha, ukaelekea kaskazini-magharibi kupitia Ugogo, ukaiacha njia kuu ya Tabora na kuingia nchi ambayo viongozi wake waliijua kidogo sana.

Yaliyofuata ni masimulizi ambayo kila mtoto wa Singida angepaswa kuyasikia shuleni, na kwa pande zote mbili. Katika pori lililo kati ya Ugogo na nchi ya Wanyaturu njia ilipotea na chakula kikaisha. Watu walianza kuanguka na kufia vichakani. Stanley aliamuru sanduku la chuma limwagwe vitu vilivyokuwamo, likajazwa maji, likainjikwa motoni, na ndani yake ukapikwa uji kwa mabaki ya shayiri iliyotoka Uingereza, ukagawiwa watu zaidi ya mia mbili. Mabaharia na wachuuzi wa Unguja, waliozoea mwezi huo kuwa mwezi wa tende mpya na ngoma za bandarini, walikunywa uji huo wakilowa mvua ya bara.

Walipofika Uturu walikuwa wagonjwa kwa makumi. Edward Pocock, kijana wa Kiingereza aliyekuja pamoja na ndugu yake Frank, alikufa kwa homa mahali Stanley alipopaita Chiwyu, tarehe 17 Januari 1875. Siku chache baadaye aliuawa Kaif Halleck, mtu wa Unguja ambaye miaka minne kabla alikuwa amekabidhiwa mfuko wa barua za Livingstone na kukwama nao Tabora hadi Stanley alipompata. Kisha, mahali alipopaandika Vinyata, vita vikazuka kati ya msafara na Wanyaturu, vikaendelea siku tatu. Zaidi ya watu ishirini wa msafara waliuawa. Bunduki za msafara ziliua Wanyaturu ambao hakuna aliyewahesabu, na vijiji vyao vikachomwa moto.

Stanley aliyaandika mapigano hayo kama ushindi wa subira dhidi ya watu wakali. Nikisoma nikiwa na kalenda ya Singida mkononi naona jambo jingine. Januari ni mwezi wa njaa hata kwa mwenyeji: ghala liko chini, mazao mapya hayajakomaa, maziwa ya ng'ombe ndiyo chakula cha watoto. Katika mwezi huo waliingia wageni wenye silaha, wengi mno, wenye njaa, wakitaka kununua nafaka iliyokuwa haitoshi. Mifugo na mashamba yalikuwa yote ambayo Wanyaturu walikuwa nayo ya kuwafikisha mavunoni. Sisemi kwamba hilo linaeleza kila mkuki uliorushwa. Nasema msafara uleule ungefika Julai, nafaka ikiwa imejaa vihengeni, huenda mapokezi yangekuwa mengine.

Kutoka hapo walikimbilia Iramba. Mahali palipoitwa Mgongo Tembo walipokewa kwa amani, wakapumzika, wakala, wakapata wapagazi wapya wa kushika nafasi za waliokufa. Halafu wakateremka kwenye uwanda wa Wembere, ambao Stanley aliuita Luwamberri na kuusifu kwa wingi wa wanyama, na mwisho wa Februari 1875 wakayaona maji ya Nyanza huko Kagehyi. Hivyo basi, pale msimu wa kaskazi ulipokuwa umepamba moto kisiwani kwao, waungwana hawa wa Unguja walikuwa wageni wa Wanyiramba, katika nchi hii ambayo Ulemo imo ndani yake. Huenda ni mkutano wa kwanza kati ya kisiwa na Iramba ambao una tarehe zilizoandikwa. Waliookoka walilivuka bara lote hadi mdomo wa Mto Kongo, wakarudishwa kwa meli kupitia Rasi ya Tumaini Jema, wakaiona tena Unguja Novemba 1877. Kaskazi ilikuwa inakaribia kuanza tena.

Wakati huo kisiwa chenyewe kilikuwa kimebadilika. Aprili 1872 kimbunga kilikipiga, jambo la nadra katika latitudo yetu, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuvunja meli za Sultani Barghash. Pemba ilinusurika. Mwaka huohuo meli za moshi za kampuni ya British India zilianza safari za kawaida. Juni 1873 soko la watumwa lilifungwa. Meli ya moshi haikuungoja upepo, na mtu angedhani msimu ungekufa. Haukufa, kwa sababu sasa ulipata mwenye haja mpya: mtu wa kaskazini ya dunia anayekimbia baridi yake.

Hapa inafaa kutupa jicho upande wa pili wa dunia, kwa kuwa ni visiwa vya Karibi vilivyofundisha mataifa tajiri kwenda kisiwani wakati wa theluji. Nassau, katika Bahama, ilifunguliwa hoteli kubwa ya Royal Victoria mwaka 1861, ikitazamia wageni wa Marekani wa miezi ya baridi. Jamaika ilifuata kwa njia ya ndizi. Nahodha Lorenzo Dow Baker wa Massachusetts alianza kusafirisha ndizi za Jamaika kwenda Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1870. Kampuni yake, Boston Fruit, iliundwa mwaka 1885. Na kwa kuwa meli zilirudi kusini zikiwa na nafasi, wakaanza kujaza nafasi hizo kwa watalii na kuwalaza katika hoteli ya Titchfield huko Port Antonio. Visiwa vile vina ukame wao mzuri kati ya Desemba na Aprili, baada ya miezi ya vimbunga kupita, na hilo liliangukia pazuri kwa mtu wa Boston. Waliowahudumia wageni hao walikuwa wajukuu wa watumwa waliolima miwa. Yeyote aliyesoma historia ya mashamba ya karafuu ya Unguja hataona ugeni wowote katika mpangilio huo.

Zanzibar haikuwa karibu na miji mikubwa kama Jamaika ilivyo karibu na Boston, kwa hiyo utalii wake ulikwenda taratibu. Meli za kampuni ya Kijerumani, kuanzia 1890, na za Union-Castle baadaye, ziliwashusha abiria kwa siku moja au mbili wanunue masanduku ya njumu na kutembezwa mashamba ya karafuu. Mwandishi Mwingereza Evelyn Waugh alifika mara ya kwanza mwishoni mwa 1930 akitokea Addis Ababa, alikokwenda kutazama kutawazwa kwa Haile Selassie, na aliteseka kwa joto hata akaliandika kwa hasira. Mwanzoni mwa 1959, umri umemtupa mkono, alirudi Afrika ya Mashariki kwa sababu iliyo karibu sana na habari yetu: alitaka kuikwepa baridi ya Uingereza. Alipita Mombasa, Unguja, Dar es Salaam na Kilwa, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu ambacho tangu jina lake kinamwita mtalii. Miaka mitano baada ya safari hiyo Mapinduzi ya Januari 1964, nayo yaliyotokea katikati ya kaskazi, yaliufunga ukurasa huo kwa muda mrefu.

Majahazi, kwa upande wao, hayakuacha kuja. Mwaka 1939 baharia wa Australia, Alan Villiers, aliingia Unguja ndani ya jahazi la Kuwait lililoshuka na kaskazi kutoka Aden, likaendelea hadi Rufiji kuchukua boriti za mikoko. Bado kulikuwa na msimu wa zamani na msimu mpya katika bandari moja.

Na Iramba? Pepo za dunia ziliifikia kwa njia nyingine. Wajerumani walichimba dhahabu Sekenke tangu karibu mwaka 1909, na mwaka 1916, walipozingirwa vitani, walitengeneza Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15, zaidi ya 16,000, kwa dhahabu iliyotoka huko. Vijana wa kanda ya kati walikwenda manamba katika mkonge wa Tanga, na Wanyamwezi na Wasukuma wengi walivuka bahari kupalilia na kuchuma karafuu baada ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897. Tena, mtu wa bara alifika kisiwani akiwa na mkataba wa kazi. Katika miaka ya 1920 wakaja Iramba wamisionari wa Kilutheri wa sinodi ya Augustana kutoka Marekani, wengi wao wenye asili ya Uswidi na waliokulia majimbo ya theluji. Hospitali ya Kiomboi ni matunda ya kazi yao, na palikuwa na shule ya watoto wao papo hapo Kiomboi. Napenda kuwataja kwa kuwa wanavunja dhana kwamba mtu wa nchi ya baridi huja kwetu kufuata jua tu. Hawa walikaa, wakajifunza Kinyiramba, wakaishi masika yote ya hapa pamoja na wenyeji, miezi ya njaa ikiwamo.

Utalii wa leo wa Unguja ulizaliwa uchumi ulipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980. Katika miaka ya 1990 ndege za kukodi zilianza kuleta Waitaliano Kiwengwa na pwani yote ya mashariki, hata watoto wa ufukweni wakajifunza Kiitaliano kabla ya Kiingereza. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na tangu 2004 tamasha la Sauti za Busara hufanyika humo mwezi wa Februari, tarehe iliyo katikati ya kaskazi. Mwaka 2020 janga la korona lilipofunga dunia, Tanzania ilifungua anga yake mapema, na majira ya baridi ya 2020 kuingia 2021 Warusi walimiminika Unguja kwa maelfu kwa kuwa milango mingine mingi ilikuwa imefungwa. Mwaka 2023 kisiwa kilipokea wageni zaidi ya 638,000. Mwaka 2024 walizidi 736,000. Utalii sasa hubeba zaidi ya robo ya pato la Zanzibar. Hakuna nahodha wa Sur, huko Oman, aliyewahi kuota bandari yenye wageni wengi hivyo.

Katika hoteli hizo wapo vijana wengi wa Tanzania bara. Wanatandika vitanda, wanalinda mageti usiku, wanapika, wanaongoza wageni. Mwenye kutoka Singida akipata kazi hiyo, Desemba na Januari ndiyo miezi ambayo hapewi likizo, na ndiyo miezi ambayo wazee wake wanamhitaji shambani. Fedha anazotuma hulipa vibarua wa kupalilia, na kwa njia hiyo mtalii wa Milano anachangia alizeti ya Iramba bila kujua. Ni jambo jema. Lakini halimfanyi kijana yule kuwa mgeni wa kisiwa. Anakijua kama wapagazi walivyoijua Bagamoyo: mahali pa kubeba na kulipwa.

Nalisema kwa uchungu, maana kisiwa hiki ni sehemu ya nchi yetu tangu Aprili 1964, na kizazi baada ya kizazi cha Ulemo kinakijua kwa redio na kwa picha za kalenda ukutani. Umaskini ni sababu moja. Sababu nyingine, inayosahauliwa, ni kwamba utangazaji wote wa kisiwa umepangwa kwa likizo za Ulaya. Mtu wa Ulemo akisikia habari za Unguja huwa anasikia za Krismasi na Februari, miezi ambayo hawezi kuondoka hata angepewa nauli.

Miezi yake ipo. Mavuno ya Iramba huanza Mei na kuendelea hadi Julai. Alizeti ikishauzwa, kuna fedha mkononi na hakuna palizi. Ni miezi ileile ya misafara. Wakati huo kusi inavuma, hewa ya Unguja imepoa, masika ya pwani yamekwisha, na mwanzoni, mwezi Juni, vyumba vingi vya kulala wageni bado havijajaa. Basi huondoka Misigiri kwa barabara ya lami. Tangu 2024 mwenye kutaka anaweza kupanda treni ya umeme Dodoma na kufika Dar es Salaam siku hiyohiyo, kisha boti. Njia iliyowachukua Edward Pocock na wenzake miezi sasa ni ya siku mbili.

Na katika mwezi wa Julai, Makunduchi, kusini mwa Unguja, kuna Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka mpya ya Washirazi, ambayo haikupangwa na kamisheni ya utalii wala hoteli. Wanaume hupigana kwa mashina ya migomba ili kumaliza kinyongo cha mwaka, kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake huimba wakipita mashambani, na kila nyumba hupika kwa kukusudia kwamba mgeni atakuja. Ni sikukuu ya wenyewe, wakati wa mwaka ambao mkulima wa Ulemo ana nafasi ya kuketi kwenye jamvi na kula.